Kiwanja Kimoja, Rimoti Kumi: Nani Arushe, Nani Asubiri

Ndege ya foamu ya kilo moja na nusu, ikienda mita 20 kwa sekunde, inamgonga mtu kwa nguvu ya ndoo ya maji ya lita 10 iliyodondoka kutoka urefu wa mita 3. Ukiiona mezani huamini. Ni nyeupe, nyepesi, ina stika ubavuni, na mtoto anaibeba kwa mkono mmoja. Matatizo ya kiwanja cha pamoja yanaanzia hapo: mgeni anaiona kama mdoli, na mwenye nayo, akishaizoea, naye anaanza kuiona vivyo hivyo.

Anayerusha ndege za rimoti Arusha au Moshi mara nyingi hana kiwanja chake. Anatumia uwanja wa mpira wa kijiji au uwanda wa malisho, pamoja na wachungaji, watu wanaojifunza kuendesha gari, na watoto ambao huchukua dakika tano tu kujaa baada ya mota ya kwanza kulia. Katika hali hiyo kanuni zinaonekana nyingi na hazina kichwa wala miguu: usisimame hapa, piga kelele pale, washa hiki kabla ya kile. Lakini zote zinajibu swali moja. Ndege ikigoma kutii sasa hivi, itaangukia wapi, na nani yuko hapo?

Mahali kwanza

Ardhi tambarare, isiyo na miti wala nyaya za umeme, ndiyo hiyohiyo waliyoitafuta wajenzi wa viwanja vya ndege. Ndiyo maana uwanda wa Kisongo unavutia sana macho ya mrushaji, na ndiyo maana haufai: Uwanja wa Ndege wa Arusha uko hapohapo. Moshi nayo ina kiwanja chake kidogo, na katikati ya miji hiyo miwili kuna KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro. Njia za kurukia za KIA na za Arusha zimelala mashariki kwa magharibi, kwa hiyo ndege zinazoshuka na kupanda hupita chini kwenye mstari huo. Sehemu iliyo mashariki au magharibi mwa uwanja wa ndege ni mbaya kuliko iliyo kaskazini au kusini kwa umbali uleule. Helikopta hazifuati mstari wowote, hasa zile zinazokwenda kuchukua wagonjwa Mlima Kilimanjaro, na huja chini bila kutarajiwa.

Kwa hiyo ruhusa si karatasi ya kujifurahisha. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayosimamia vyombo vinavyorushwa bila rubani ndani yake, na ndiyo ya kuulizwa kabla hamjachora mstari wa kwanza. Uongozi wa kijiji au mtaa nao una lake la kusema kuhusu ardhi, na kwenye hifadhi za taifa usithubutu bila kibali. Nchi nyingi zimeweka ukomo wa mita 120 kwenda juu. Hata pasipo mtu wa kukupimia, ni urefu wa busara, maana zaidi ya hapo ndege ya upana wa mita moja inakuwa kidoti, na huwezi kujua inakuja au inakwenda.

Ndege yenye watu ndani ikitokea, hakuna mjadala. Anayeiona kwanza anaita "Ndege kubwa!", na wote wanashusha. Cessna Caravan inayokaribia kutua inakwenda karibu mita 50 kwa sekunde, maana yake sekunde 20 zinaifikisha kilomita moja mbele. Ukisubiri uone kama itapita pembeni, umeshachelewa.

Mistari ya chokaa

Chokaa ileile ya uwanja wa mpira inatosha. Chora njia ya kurukia ya mita 80 kwa 10, ikielekea mashariki kama uwanja unaruhusu, kwa sababu upepo wa huku kwa kawaida hutoka upande huo. Mita 8 kutoka ukingo wake chora mstari wa marubani. Mita 10 nyuma ya marubani liwe eneo la maandalizi, yaani meza, masanduku na betri. Watazamaji na magari wakae nyuma zaidi, mita 30 au zaidi kutoka kwa marubani, na wawekewe kamba ya katani. Chokaa peke yake haizuii mtoto.

Kwa nini 30? Ndege inayokwenda mita 20 kwa sekunde inakula mita 30 ndani ya sekunde moja na nusu, na huo ndio muda anaotumia mtu kusikia ukelele, kugeuza shingo na kupiga hatua moja. Pungufu ya hapo ukelele hauna kazi. Kutokana na hesabu hiyo inakuja kanuni isiyo na msamaha: hakuna kupitisha ndege nyuma ya mstari wa marubani, hata ukiwa bingwa, hata kwa kuonyesha. Mbele ya mstari ndege ikianguka ni hasara ya mtu mmoja.

Kuhusu jua kuna jambo ambalo vitabu vya ng'ambo haviwezi kukufundisha. Tuko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hubadilisha upande. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba linapita kaskazini yetu, na miezi iliyobaki linapita kusini. Kama uwanja una nafasi pande zote mbili, marubani wasimame kaskazini mwa njia wakitazama kusini kipindi cha kwanza, kisha mhamishe mistari yote, pamoja na watazamaji. Ndege iliyoingia kwenye jua haionekani kwa sekunde mbili tatu, na hizo ni mita 40 hadi 60.

Watoto hawafukuzwi, maana watarudi kwa mlango mwingine. Wapewe kazi. Mmoja ashike bendera ya upepo, kipande cha khanga kwenye fito, mwingine awe mkubwa wa kamba. Mzee anayepitisha ng'ombe naye haelekezwi kwa kupungiwa mkono kutoka mbali. Ndege zinatua, mtu mmoja anamfuata, anaanza na shikamoo, kisha: "Mzee, samahani, tuna ndege hapa, tutasubiri mifugo ipite." Malisho yalikuwa yake kabla ya njia yenu ya chokaa. Ng'ombe 40 huchukua kama dakika sita, na ndizo dakika za kubadilisha betri.

Sauti ndiyo mnara wa kuongozea

Watu hutenganisha usalama na adabu, kana kwamba usalama ni mambo ya vifaa na adabu ni mambo ya tabia. Kwenye kiwanja cha pamoja havitengani. Hakuna rada wala mnara. Anayeongoza safari ni sauti yako.

Marubani wasimame pamoja, hatua mbili tatu kati ya mmoja na mwenzake, wakitazama upande mmoja. Aliyejitenga mita 40 pembeni hasikii wala hasikiki, na ndiye atakayetua kutoka upande ulio kinyume na wenzake. Maneno yawe machache, mafupi, yaleyale kila siku. "Naingia!" kwa anayekanyaga njia kwa miguu. "Naondoka!" "Natua, kutoka kushoto!" "Imezima!" kwa aliyezimikiwa na mota. "Sina ndege!" kwa aliyepoteza udhibiti. Na la mwisho, ambalo wengi hulisahau, ni jibu: wenzake waseme "Sawa!" Bila jibu huna uhakika kama umesikika, na mwenye ndege hewani hawezi kugeuka kukutazama.

Aliyezimikiwa anapewa njia kabla ya wote, kwa kuwa yeye hana nafasi ya pili. Ndege isiyo na nguvu haiwezi kuzunguka tena. Baada yake anayetua, halafu anayeondoka. Mzunguko uwe mmoja kwa wote, na upepo ukigeuka mkubaliane kwa sauti kabla ya yeyote kubadilisha. Hewani wasizidi watatu au wanne. Akiwepo anayejifunza, punguzeni mmoja.

Muda wa betri nao ni suala la adabu. Betri ya seli tatu ya mAh 2200 kwenye ndege ya kujifunzia hutoa dakika 8 hadi 10. Weka kengele ya rimoti ilie kwenye dakika ya 6 au 7, utue ukiwa na asilimia 30. Hiyo 30 si ya kuchezea, ni ya kusubiri: mtu anaokota propela njiani, mbuzi ameingia, mwenzako amezimikiwa. Anayeruka mpaka tone la mwisho anawalazimisha wengine wote wampishe kila anapotua.

Saa za asubuhi, kuanzia kumi na mbili na nusu hadi karibu saa tatu, upepo umelala. Ni desturi mbaya kwa mafundi kuwahi muda huo na kujaza anga kwa sarakasi, huku mwanafunzi akisubiri mpaka upepo uamke ndipo aambiwe zamu yake imefika. Igeuzwe: asubuhi ya wanafunzi, wazoefu wapambane na upepo. Mwenye sarakasi za kuning'iniza ndege juu ya njia naye aombe zamu, maana akiwa pale hakuna anayetua. Kiangazi, kuanzia saa tano hivi, kisulisuli cha vumbi huzuka ghafla. Kikionekana hata mita 200, shusheni, na mshike zilizo mezani.

Mawimbi ya redio

Rimoti za gigahezi 2.4 huruka zenyewe kutoka masafa hadi masafa, kwa hiyo watu kumi wanaweza kuwasha pamoja. Ila huku mitumba haikosi, na rimoti za zamani za megahezi 35 za Ulaya au 72 za Marekani zinaweza kutokea. Hizo zina chaneli moja isiyohama. Wawili wakiwa na chaneli moja, wa pili akibonyeza swichi tu, ndege ya wa kwanza inaanguka, na aliyewasha hajui kama ndiye aliyeiangusha. Dawa yake ni kibanio cha nguo kilichoandikwa namba ya chaneli, kimoja tu kwa kila chaneli, kikiwa kwenye ubao. Asiye na kibanio mkononi hawashi. Kabla ya kibanio lakini, uliza kama masafa hayo yanaruhusiwa nchini.

Video ya miwani, ile ya gigahezi 5.8 inayomwonyesha rubani kinachoonwa na kamera ya droni, imerudisha ugonjwa uleule. Chaneli ni chache, na unapochomeka betri ya droni kwenye meza, kirushia video kinaamka hapohapo. Kama kuna aliye hewani kwenye chaneli yako, miwani yake inajaa theluji. Kwa hiyo unatamka chaneli, unasubiri jibu, ndipo unachomeka. Aliyevaa miwani lazima awe na mwangalizi pembeni yake anayeitazama droni kwa macho, kwani miwani inaona mbele tu. Droni na ndege zenye mabawa zisichanganywe hewani. Droni inaweza kusimama ghafla, ndege haiwezi. Gawaneni kwa zamu za robo saa.

Kabla ya kuondoka

Mpangilio wa swichi ni huu: rimoti kwanza, ndege baadaye. Wakati wa kuzima, ndege kwanza, rimoti baadaye. Ukigeuza, kuna muda ambapo risiva, kipokea mawimbi kilicho ndani ya ndege, iko hai bila bwana, na mota inaweza kuamka.

Kisha jaribu kinga ya kupotea kwa mawimbi. Toa propela, washa vyote, ongeza mota kidogo, halafu zima rimoti. Mota isimame ndani ya sekunde moja au mbili. Ikiendelea kuzunguka, risiva imefundishwa kushikilia amri ya mwisho, na ndege yako ikipoteza mawimbi itakwenda ilikoelekea hadi betri iishe. Itue Sanya Juu au popote. Fundisha upya, jaribu tena. Jaribio la umbali nalo ni hatua 30: weka rimoti kwenye hali ya nguvu ndogo, tembea, mwenzako aangalie kama mabawa yanatii bila kutetemeka.

Kosa linaloua ndege nyingi zilizotoka matengenezo ni dogo kabisa. Servo, kimota kinachosogeza vipande vya bawa na mkia, imebadilishwa, waya umechomekwa, kila kitu kinacheza, lakini kwa kinyume. Simama nyuma ya ndege. Sukuma kijiti kulia: kipande cha bawa la kulia lazima kiinuke, cha kushoto kishuke. Vuta kijiti kwako: kipande cha mkia lazima kiinuke. Usiridhike kwamba "vinacheza". Tazama upande vinaokwenda, kila mara, hata kama ndege ilikuwa nzima jana. Uwiano nao upimwe na betri ikiwa ndani: ikishikwa kwa vidole viwili chini ya mabawa, karibu robo hadi theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele, ikae sawa au pua iiname kidogo. Mkia mzito ni hatari zaidi ya pua nzito.

Propela yenye ufa hutupwa, haigundishwi. Betri isichomekwe mpaka ndege iwe imeshikwa na mtu au imefungwa, na hakuna anayesimama sambamba na propela, kwa sababu kipande kikikatika huruka kuelekea huko.

Hewa ya Arusha

Ndege iliyoruka vizuri Dar es Salaam huja Arusha ikaonekana mlevi. Haijaharibika. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina uzito wa asilimia 87 hivi ya hewa ya kawaida ya usawa wa bahari, ile ya nyuzi 15. Jua likipasha hadi nyuzi 28, inashuka karibu na 80. Bawa hubebwa na hewa, kwa hiyo ili lipate kubeba uzito uleule lazima liende kasi zaidi: asilimia 7 asubuhi ya baridi, kama 12 mchana wa joto. Moshi iko chini kidogo, mita 800 hadi 900, lakini joto lake linafidia sehemu ya tofauti, na mchana wa nyuzi 32 huongeza kama asilimia 8.

Umbali wa kutua hupanda haraka kuliko kasi. Asilimia 12 ya kasi ni robo ya umbali, kwa hiyo aliyehitaji mita 60 kwenye hewa hiyo ya usawa wa bahari atahitaji 75 mchana wa Arusha. Jicho lililozoea pwani linaona ndege inakuja "mbio mno", mkono unavuta pua juu kuipunguza, na ndege inakosa hewa ya kuibeba, inapinda bawa moja na kugonga. Aje na pua chini kidogo, aache mota ikizunguka polepole, aite "Natua!" mapema. Wengine wasisimame kwenye ncha za njia. Nguvu ya kuvuta nayo hupungua. Kuongeza propela inchi moja husaidia, ila pima ampea kwa kipimo ukiwa chini, zisizidi zilizoandikwa kwenye kidhibiti cha mota.

Mwewe nao wapo. Mwewe akianza kuizunguka ndege, usimfukuze nayo. Shuka.

Betri na mafuta

Betri za lipo, yaani lithiamu-polima, hujazwa hadi volti 4.2 kwa seli, hulazwa kwenye 3.8, na hazishushwi chini ya 3.5 ikiwa unataka zidumu. Ya mAh 2200 chaji kwa ampea 2.2. Anayechaji uwanjani kwa betri ya gari aweke chaja chini, juu ya udongo mtupu, si kwenye siti wala kwenye nyasi kavu za Septemba, na asiondoke. Ndoo ya mchanga iwe hatua tatu kutoka hapo. Moshi wa lipo una sumu, kwa hiyo simameni upande upepo unakotoka.

Wenye injini za methanoli wajue kwamba moto wake mchana hauonekani vizuri. Unaona hewa inatetemeka tu, kisha rangi ya ndege inabadilika. Anayesema "haujawaka" aweke mkono wake mbali.

Ndege ikianguka

Wengine waendelee kuruka, aliyeangusha asikimbie kukatisha njia. Aite "Naingia!", asubiri "Sawa!", ndipo avuke. Ndege mbili zikigongana hewani, kila mtu aokote yake. Mkubaliane hivyo mapema, kabla ya hasira, kwa maana hakuna atakayethibitisha nani alimfuata nani.

Ikiwa imeangukia kwenye shamba la mahindi, usiingie kwa hisia. Ishike mstari kwa macho: simama pale ulipokuwa, chagua mti au paa nyuma ya mahali ilipozama, na mwenzako afanye hivyohivyo kutoka mita 50 pembeni. Mistari miwili inapokutana ndipo ilipo. Tafuta mwenye shamba kwanza, ingieni wawili si kumi, piteni katikati ya matuta, na mabua yaliyovunjika yalipwe hapohapo. Mkishaipata, hesabuni: bawa, mkia, propela, betri. Betri mara nyingi huchomoka na kurukia mbali, na ikibaki kwenye mabua makavu inaweza kuwaka baada ya dakika kadhaa, ninyi mkiwa mmeshaondoka.

Betri iliyobonyea au kuvimba haiingii kwenye gari wala begi la mgongoni kwenye boda. Iwekwe kwenye ndoo ya mchanga, mahali pa wazi, nusu saa au zaidi. Ikitulia, ifungeni kwenye taa ya gari ya volti 12, ikiwa palepale kwenye mchanga, mpaka taa izime kabisa.